Mwamba wa Kabanga na Musongati ni mmoja, na soko lake liwe moja

Mtaje mfanyabiashara wa mpakani neno Kabanga, naye atafikiria foleni ya malori, wakala wa forodha, mizani, na njia ya kuvukia kwenda Kobero upande wa Burundi. Litaje neno hilo hilo mbele ya mtaalamu wa miamba, awe Toronto, Brussels au Johannesburg, naye atafikiria nikeli. Kwa miaka mingi watu hawa wawili wamepishana wilayani Ngara bila kusalimiana. Mmoja anapita na magunia ya maharage na katoni za sabuni, mwingine na nyundo na mifuko ya mawe. Leo tunataka kumzungumzia huyu wa pili, kwa sababu kazi yake inakaribia kuingia moja kwa moja katika biashara ya huyu wa kwanza.

Kazi yenyewe ni ya kuchunguza mbale zilizozaliwa ndani ya magma, yaani ule uji wa moto wa mwamba ulioyeyuka unaopanda kutoka chini sana ya ardhi. Si kazi ya haraka. Mtu anaweza kuifanya miaka arobaini, akaandika makala mia, na asimiliki hata kipande kimoja cha mgodi. Hata hivyo makampuni yakifika wilayani na mitambo ya kuchoronga, mahali pa kutoboa na kina cha kwenda vinatokana na hoja ambazo watu wa namna hiyo walikwisha kuzipima.

Jina linalotajwa zaidi katika fani hii ni la Anthony Naldrett. Alizaliwa Uingereza mwaka 1933, akahamia Kanada mwaka 1957 na kuajiriwa na kampuni ya Falconbridge katika migodi ya Sudbury, mkoa wa Ontario. Alianza kama kijana wa kazini, akishuka shimoni na kuchora ramani za miamba. Baadaye alirudi shule, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Queen's, kisha akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Toronto, ambako alikaa mpaka kustaafu. Vitabu vyake viwili vikubwa kuhusu mbale za salfa zinazotokana na magma, cha mwaka 1989 na cha mwaka 2004, viko kwenye rafu za karibu kila ofisi inayotafuta nikeli duniani. Alifariki mwaka 2020. Kuna hata madini yaliyopewa jina lake, naldrettite, mchanganyiko wa paladi na antimoni uliogunduliwa kaskazini mwa Quebec.

Swali lililomshughulisha maishani ni rahisi kulisema. Nikeli ipo kidogo kidogo katika miamba mingi, lakini ikiwa imetawanyika hivyo haimfai mtu. Kwa nini mahali pachache imekusanyika kwa wingi kiasi cha kustahili kuchimbwa?

Jibu tunaweza kulieleza kwa mambo ya jikoni. Magma inapopanda hubeba nikeli, shaba, kobalti na platini kidogo, zote zimeyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi. Ikitokea salfa ikazidi, magma haiwezi tena kuimeza, na salfa inajitenga kwa matone, kama mafuta ya mawese yanavyojitenga na maji. Tofauti ni kwamba mawese huelea, ilhali matone haya ni mazito na huzama. Yakizama huvuta nikeli na shaba kutoka kwenye uji wote yanaopita, kisha hujikusanya chini, kwenye mabonde na kona za njia ile ya magma. Hapo ndipo mgodi unapopatikana.

Mwaka 1979 Naldrett na mwenzake Ian Campbell walionyesha kwa hesabu kwamba ubora wa mbale unategemea kila tone limekutana na magma kiasi gani. Wafanyabiashara wataielewa hoja hiyo upesi kuliko wanafunzi wengi. Tone lililokaa mahali pamoja ni kama mchuuzi asiyetoka kwenye gulio la kijijini kwake. Tone lililochukuliwa na mkondo, magma mpya ikilipitia mara kwa mara, ni kama mchuuzi anayezunguka Ngara, Muyinga, Kayanza na Kibondo, akirudi kila mara na kitu zaidi mfukoni.

Jambo la pili linahusu mahali salfa hiyo ya ziada inapotoka. Huko Noril'sk, Siberia, ambako Naldrett na wenzake wa Kanada walifanya kazi pamoja na Warusi, ilionekana kwamba magma ilipita kwenye tabaka za mawe yenye salfa nyingi na kuimeza njiani. Sudbury ni habari nyingine kabisa. Pale kimondo kiligonga dunia miaka bilioni 1.85 iliyopita na kuyeyusha mwamba papo hapo. Mbale za Sudbury zenyewe zilionekana mwaka 1883 wakati wa kujenga reli ya Canadian Pacific, baada ya mafundi kukata mwamba ili njia ipite. Miaka ya mwanzo watu walitaka shaba tu, nikeli ikihesabiwa kuwa kero inayoharibu shaba.

Sasa turudi kwetu. Ukanda wa miamba ya magma unaoanzia Kabanga, ukapita Musongati kusini-mashariki mwa Burundi na kuelekea Kapalagulu karibu na Ziwa Tanganyika, una umri wa takriban miaka bilioni 1.4. Wataalamu wa Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, wameuchunguza upande wa Burundi kwa miongo mingi. Upande wa Tanzania, Wolfgang Maier na wenzake walichapisha miaka ya 2010 na 2011 uchunguzi wa kina wa Kabanga, wakipima aina za salfa zilizomo. Matokeo yao yanafanana na hoja ya Noril'sk, kwamba sehemu kubwa ya salfa ya Kabanga ilitoka kwenye miamba ya mashapo iliyoizunguka magma. Mbale ilipatikana pale magma ilipokutana na wenyeji wake.

Mradi wa Umoja wa Mataifa ndio ulioziona mbale hizi miaka ya 1970, Musongati na Kabanga. Hesabu miaka: ni nusu karne sasa. Kabanga imepita mikononi mwa Sutton Resources, Barrick, Falconbridge (ile ile iliyomwajiri kijana Naldrett, iliyoingia ubia mwaka 2005), Xstrata na Glencore. Mwaka 2018 Tanzania ilifuta leseni hodhi, ikiwemo ya Kabanga. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano mapya na kampuni ya Kabanga Nickel, na ikaundwa Tembo Nickel ambayo Tanzania ina hisa za asilimia 16. Mpango ni kuchimba chini ya ardhi Ngara na kusafisha madini Kahama, kwenye eneo la mgodi wa zamani wa dhahabu wa Buzwagi. Mbale hiyo ina nikeli karibu asilimia mbili, pamoja na shaba na kobalti, na kwa vipimo vya dunia hiyo ni mbale nono.

Musongati ni mwamba wa ukoo huo huo, lakini jua na mvua za mamilioni ya miaka zimeumung'unya mpaka ukawa udongo mwekundu wenye nikeli. Udongo wa namna hiyo uko juu juu na ni rahisi kuuchimba, ila kuutoa nikeli kunataka tindikali nyingi au umeme mwingi, na Burundi haina ziada ya vyote viwili. Ndiyo maana Musongati imetajwa katika hotuba za viongozi wanne au watano bila tani ya nikeli kufika bandarini. Kinachobadilika ni reli. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Sudbury reli ndiyo iliyoifunua mbale. Hapa kwetu mbale ndiyo inayoiita reli.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunaona hatari mbili, na zote zinamgusa msomaji wa gazeti hili.

Hatari ya kwanza ni kwamba mwamba ni mmoja lakini maarifa yake yamegawanywa vipande. Ramani za zamani za Burundi ziko kwa wingi Ubelgiji. Sampuli na takwimu za Kabanga zimebadilisha wenyewe kila kampuni ilipouza kwa nyingine. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma na ina kazi yake. Wenzao wa Burundi wana yao. Ukanda unaovuka mpaka unahitaji kusomwa kama kitu kimoja, kwa sababu njia ya magma ikikatika upande huu huenda inaendelea upande ule. Naldrett aliweza kulinganisha Sudbury na Noril'sk, mbale za mataifa mawili yaliyokuwa yakitazamana kwa silaha za nyuklia, akapata jambo ambalo upande mmoja peke yake usingelipata. Muyinga na Ngara, ambako watu wanaoana na kuzikana, hatuoni kinachowazuia wataalamu wetu kukaa meza moja.

Chombo cha kuanzia kipo tayari. Kituo cha Madini na Jiosayansi cha Afrika kilichoko Kunduchi, Dar es Salaam, kimekuwepo kwa jina moja au jingine tangu 1977, na kiliundwa kwa ajili ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kushirikiana maabara na wataalamu. Kinachokosekana ni utashi wa kukitumia, na bajeti. Kijana wa Ngozi au wa Biharamulo anayetaka kuwa mwanajiolojia wa nikeli asilazimike kwenda Oulu au Toronto ili aone sampuli ya mwamba uliotoka karibu na kwa bibi yake. Kusafiri kusoma ni jambo jema. Kulazimika kusafiri ili kuona kilicho chako ni jambo jingine.

Hatari ya pili inahusu chakula, usafiri na huduma, yaani mifuko yenu.

Mgodi wa chini ya ardhi unakula. Unataka maharage, mchele, nyama, mboga, mayai, mbao, saruji, sare za kazi, vipuri, mafuta, malazi, ulinzi, mabasi ya wafanyakazi. Miaka ya ujenzi unakula zaidi kuliko miaka ya kuchimba, jambo ambalo wachuuzi wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Swali ni nani atauza.

Kisheria, mkulima wa Muyinga anaweza kuvusha maharage yake kwenda Ngara bila ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa kujaza cheti cha uasili cha bidhaa pale pale mpakani. Lakini maharage hayo yakifika kwenye lango la mgodi yanakutana na sheria nyingine: kanuni za Tanzania za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa wananchi katika sekta ya madini, zinazotaka migodi itangulize kampuni na bidhaa za Watanzania. Ongeza agizo la Julai 2025 lililowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa nchini Tanzania, zikiwemo za rejareja na ununuzi wa mazao shambani. Basi gunia limevuka mpaka kama bidhaa ya Jumuiya, na limefika mgodini kama bidhaa ya kigeni.

Hatusemi Tanzania isiwalinde watu wake. Ardhi ni ya Ngara, vumbi litakuwa la Ngara, na vijiji vya Bugarama na jirani zake ndivyo vinavyohamishwa kupisha mradi. Wao watangulie. Lakini kutanguliza ni tofauti na kufunga mlango, na kanuni zenyewe hazisemi vizuri mtu wa nchi mwanachama anakaa wapi kwenye foleni: nyuma ya Mtanzania, au nyuma pamoja na muuzaji wa Dubai. Sisi tunaona nafasi yake ni ya pili, mbele ya Dubai. Na reli itakapofika Musongati, Burundi iwape Watanzania wa Kigoma na Kasulu nafasi hiyo hiyo.

Kanada ina somo hapa, na linatoka kwenye mbale ambayo Naldrett aliishughulikia katika miaka yake ya mwisho chuoni. Voisey's Bay, pwani ya Labrador, iligunduliwa mwaka 1993 na watafutaji wawili waliokuwa wakiwinda almasi. Kampuni ya Inco iliinunua kwa mabilioni ya dola mwaka 1996, na kila mtu alitarajia mgodi ufunguliwe haraka. Haukufunguliwa. Serikali ya jimbo la Newfoundland na Labrador ilikataa makinikia yasafirishwe tu kwenda kusafishwa kwingine, ikataka kiwanda kijengwe jimboni. Wenyeji wa asili, Wainnu na Wainuit, nao walidai haki zao. Mvutano ulichukua miaka. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2002, uchimbaji ukaanza 2005, na kiwanda cha Long Harbour kikaanza kusafisha nikeli mwaka 2014. Wainnu na Wainuit walipata mikataba yao wenyewe na kampuni, yenye ajira na zabuni za huduma kwa kampuni zao.

Wasomaji watakaokumbuka mgogoro wa makinikia wa Tanzania wa mwaka 2017 wataona kwamba hakuna aliyetuonea kwa kutulaumu kuwa wakaidi. Kanada ilikaa miaka tisa kati ya ugunduzi na makubaliano kwa sababu hiyo hiyo. Ila tuangalie walichokuwa nacho. Walikuwa na wanajiolojia wao, wa chuo na wa serikali, waliojua mbale ile kwa kina sawa na kampuni, hata walipoketi mezani hawakubahatisha. Jimbo lilijua linasubiri nini.

Na kusubiri kuna gharama. Machi 2022 bei ya nikeli katika soko la London ilipaa hadi zaidi ya dola 100,000 kwa tani na biashara ikasimamishwa. Tangu hapo imeshuka mpaka chini ya dola 20,000, hasa kwa sababu Indonesia, iliyozuia kusafirisha nikeli ghafi mwaka 2020 ili isafishwe nchini, sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Nikeli yake inatoka kwenye udongo kama wa Musongati. Kabanga ina mbale bora zaidi, lakini soko haliangalii ubora peke yake. BHP, iliyotia fedha Kabanga mwaka 2022, imekwisha kujiondoa. Kwa hiyo mchuuzi asikope leo kwa matumaini ya mgodi. Ajipange, asikope.

Mfano wa kushirikiana tunao hapo hapo Ngara. Mtambo wa umeme wa Rusumo kwenye Mto Kagera una megawati 80, na zinagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hakuna aliyeuliza tone lipi la maji ni la nani. Wahandisi walipima mto kama kitu kimoja, wanasheria wakafuata.

Ni rai yetu kwamba mawaziri wa madini wa Tanzania na Burundi wafanye hivyo kwa ukanda wa nikeli. Waanze na ramani moja ya pamoja, takwimu za zamani zirudishwe na kuwekwa mahali ambapo wataalamu wa nchi zote mbili wanaweza kuzisoma. Baraza la Mawaziri la Jumuiya lieleze wazi, kwa maandishi, bidhaa yenye cheti cha uasili cha Afrika Mashariki inahesabiwaje katika zabuni za migodi. Na benki za nchi hizi zitafute njia ya malipo kati ya faranga ya Burundi na shilingi, maana kila anayebadilisha fedha Kobero anajua umbali uliopo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani, na hakuna mgodi utakaolipa zabuni kwa bei ya mtaani.

Kwa wafanyabiashara wenyewe, msingoje mawaziri. Vyama vyenu vya Kabanga, Kobero na Rusumo vijisajili kama vyama vya ushirika au kampuni za ubia kati ya watu wa nchi mbili, Mtanzania na Mrundi katika hati moja. Kanuni za 2018 zinaruhusu ubia. Mgodi hununua kwa tani, kwa mkataba, kwa ankara, na hulipa baada ya siku nyingi. Mchuuzi mmoja mwenye magunia kumi hawezi kungoja hivyo, wachuuzi mia mbili wenye akaunti moja wanaweza. Ulizeni ofisi ya mradi pale Ngara orodha ya mahitaji na viwango vya ubora inavyopatikana, na muulize kabla ya kulima, maana msimu hauwangoji wanaoandika barua.